Lori la Enock Linakwenda Mbele Tu

Kijiwe cha Justina kipo pale uchochoro wa mashine ya kusaga unapotokea barabara kuu ya Sumbawanga kwenda Tunduma. Mabati machache juu ya nguzo za mlingoti, benchi moja refu, jiko la mkaa, birika, na bakuli la kashata lililofunikwa kitambaa kwa ajili ya nzi, ingawa kwa baridi ya Ufipa nzi wenyewe huwa wamejikunyata ukutani wakisubiri jua. Siku zote mtu akikaa kwenye lile benchi huona uchochoro mzima mpaka kwenye kona ya mwisho. Siku hiyo wateja waliona kitu kimoja tu: uso wa lori. Lori la tela, refu, limejaa magunia ya mahindi ya kwenda Dar es Salaam, limesimama puani kwa birika, na juu ya kioo chake yamechorwa maneno MBELE KWA MBELE. Mwenye kuliendesha, Enock, alikuwa amekaa kwenye benchi na kikombe mkononi, na tangu asubuhi alikuwa hajaonyesha dalili yoyote ya kuinuka.

Mjue kwanza Enock. Miaka mingi alikuwa utingo kwenye lori hilohilo, na kati ya safari moja na nyingine kijiwe hiki ndicho kilichokuwa nyumbani kwake. Juzi dereva wake, Ignasi, ameacha kazi kwa sababu ya macho, na mwenye lori, mama mmoja mfanyabiashara anayeitwa Rozina, akampa Enock funguo. Mtu akipata cheo kama hicho haagi washikaji kwa simu. Enock akaona alilete lori lenyewe mpaka kijiweni, walione, walipigie makofi, ndipo aende. Waliliona. Walipiga makofi. Tatizo likaanza hapo.

– Enock, mwanangu, safari ni leo au tulisikia vibaya? aliuliza Mzee Felisian.

Huyu kijiweni anaitwa Padri, kwa kuwa alisoma seminari mwaka mmoja kabla hajakutana na Agnesi, ambaye leo ni bibi wa wajukuu zake.

– Ni leo, Padri. Namalizia kahawa.

– Kahawa uliimaliza zamani, alisema Justina. Hayo unayokunywa ni machicha.

– Machicha yana nguvu, dada Justina. Kwa safari ndefu yanafaa.

– Mwacheni, alisema Steven. Dereva mkubwa haondoki hovyo. Anasikilizia injini.

Steven ni fundi baiskeli, na kwa hiyo jina lake ni Injinia.

– Injini imezimwa, alisema Justina.

– Ndiyo maana anasikiliza kwa makini.

– Mimi nasema amewekewa kitu, alisema Masanja.

Masanja ni mfugaji. Wazee wake walihama na ng'ombe kutoka Usukumani wakatua kijiji cha Kate, na yeye huja mjini kuuza maksai aliowafundisha kulima. Kwa sababu ya kuongea kama mtu anayezindua mradi, wamempa jina la Waziri.

– Kitu gani, Waziri?

– Kitu. Mtu akipewa lori kubwa hivi, jirani analala? Kuna mtu amechukua vumbi la tairi akalifunga kwenye kitambaa. Sasa kijana kila akitaka kuondoka anasikia kiu ya kahawa.

– Mji umejaa watu wa kahawa, basi wote wamefungiwa matairi, alisema Injinia.

– Sijasema wote. Wewe una baiskeli.

Enock aliwatazama. Alikuwa amepanga kusubiri tu, labda litokee jambo, labda watu wote waende kula ugali na yeye abaki peke yake na aibu yake. Lakini hawa hawaendi kula. Justina akamsogelea na birika akamwinamia.

– Mdogo wangu, sema ukweli. Unaumwa?

– Siumwi.

– Unaogopa safari?

– Siogopi. Dar naijua, Kitonga naijua, mizani zote nazijua.

– Sasa?

Enock akakitazama kikombe.

– Sijui kurudi nyuma, alisema.

Injinia akageuka akalitazama lori, akatazama ukuta wa mashine ya kusaga upande mmoja, akatazama ukuta wa duka la Eustaki upande wa pili, akatazama ule uchochoro ambao mbuzi wawili wakikutana mmoja lazima aombe radhi.

– Kurudi nyuma maana yake rivasi?

– Hiyohiyo.

– Wewe si ulikuwa kwenye hili lori miaka yote?

– Nilikuwa nje yake, alisema Enock, na sasa maneno yalimtoka mfululizo kwa kuwa alikuwa amechoka kuyabeba. Ignasi akirudi nyuma, mimi nipo mkiani. Nampigia bodi, naimba: njoo, njoo, kata kulia, njoo, nyoosha, njoo, hapohapo. Barabara hii yote hakuna utingo aliyenishinda kumrudisha dereva. Lakini kule ndani Ignasi alikuwa anazungusha nini, mimi sikuwahi kuona. Nilikuwa mkiani.

– Na bosi alipokujaribu?

– Alinipeleka mpaka Laela. Pale niligeuzia uwanja wa mpira. Nikazunguka goli, nikarudi. Akasema safi.

– Leo hujajaribu hata kidogo?

– Nilijaribu mlipokuwa mnapiga makofi. Nikitaka mkia uende huku, unakwenda kule. Ulibaki kidogo ubusu ukuta wa mashine. Na bosi ameapa: siku nitakayogusa hata uzio wa mabua, funguo nazirudisha na utingo siupati tena.

Watu walimwonea huruma kweli. Tatizo la kijiwe hiki ni kwamba wakimwonea mtu huruma, wanamsaidia.

– Rahisi, alisema Injinia. Unachokosa ni utingo. Panda, mimi nitaimba.

– Utingo wangu ananisubiri Laela.

– Panda, nimesema.

Enock alipanda, akawasha. Injinia akaenda mkiani akaimba vizuri, njoo, njoo, kwa sauti ya kwaya, mpaka alipofika kwenye kata kulia. Enock akakata. Mkia ukaenda kushoto.

– Nimesema kulia, Injinia akapiga kelele.

– Nimekata kulia.

– Kulia kwangu au kwako?

– Wewe ulikuwa unasema kulia ya nani?

– Ya usukani. Hapana, ya mkia. Mimi hapa nimekupa mgongo, kwa hiyo kulia yangu iko upande wa duka.

– Kwa nini umenipa mgongo?

– Naangalia kama kuna gari linakuja.

Enock akashuka kwa hasira. Alikwenda mkiani mwenyewe, akamsogeza Injinia pembeni kama mtu anayemwondoa mtoto jikoni, akasimama sawasawa mahali pake pa miaka yote. Akapiga bodi kwa kiganja, pa, pa. Akaimba kama alivyokuwa akimwimbia Ignasi: njoo, njoo, kata kulia kidogo, njoo.

Lori halikuja.

– Endelea, alisema Masanja. Labda halijasikia.

Ndipo Enock akakumbuka kwamba dereva ni yeye. Alirudi kwenye benchi akakaa, na Justina akammiminia kahawa bila kuulizwa.

– Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, alisema Padri kwa huzuni.

– Tezi ya nani tena? aliuliza Masanja. Kijana anaumwa tezi?

– Ni methali, Waziri. Ya vyombo vya majini. Maana yake, ukienda sana mbele, kurudi ni shida.

– Maana yake siyo hiyo, alisema Justina.

– Kwa leo ni hiyo.

Simu ya Enock ikaita. Akaitazama, akasimama wima kama mtu aliyekalia siafu.

– Bosi. Nifanyeje?

– Mwambie unapasha injini moto, alisema Justina.

– Injini nimezima.

– Injinia, alisema Justina, akamwonyesha kwa kidole.

Injinia akasogea karibu na simu akavuta pumzi. Kusema haki, ilikuwa injini nzuri, yenye kutetemeka na kupumua.

– Shikamoo, bosi. Ndiyo, bosi. Naipasha moto. Unaisikia?

– Naisikia, ilisema sauti ya Rozina. Inaunguruma vizuri kuliko jana.

Injinia akafurahi akaongeza mafuta. Masanja, ambaye hapendi kubaki nyuma kwenye jambo la maendeleo, akaona naye achangie, na kitu anachokijua tangu utoto ni kimoja. Akalia kama fahali.

– Enock, hiyo ni nini?

– Honi, bosi. Ina mafua kidogo. Baridi.

– Haya. Nipo kwenye bodaboda, nakuja kukuaga hapo barabarani kwenye kona ya kahawa. Nikute umeshalitoa lori, pua imeelekea Tunduma.

Simu ikakatika. Injinia aliendelea kuunguruma kidogo kabla ya kuzima.

– Basi nimekwisha, alisema Enock. Kesho mtanikuta hapa nauza kashata.

– Kashata nauza mimi, alisema Justina.

– Tutulie, alisema Masanja. Mimi nimefundisha maksai wengi Kate yote. Maksai anakwenda, anasimama, anageuka. Wa kurudi nyuma sijamwona. Mnyama akikwama, unamfunga mwenzake mkiani anamvuta. Tufunge maksai kwenye tela, walivute kwa nyuma polepole.

– Maksai wako wapi?

– Kate.

– Waziri, bosi yuko kwenye bodaboda.

– Nimetoa wazo. Utekelezaji ni wenu.

– Tatizo ni kiti, alisema Injinia. Kiti kinaangalia mbele, ndiyo maana nyuma inakuwa nyuma. Nikifungua boliti nikakigeuza, Enock akakaa akiutazama mkia, si atakuwa anakwenda mbele tu kama kawaida? Mbele anaijua.

– Na usukani?

– Utakuwa mgongoni. Ataushika kama mtu anayejikuna.

Enock, kwa jinsi alivyokuwa amechanganyikiwa, alijaribu mikono ili aone kama inafika.

– Nyinyi mnahangaika na nyuma, alisema Padri. Dunia ni mviringo. Anayekwenda mbele bila kuchoka, mwisho atatokea kwao kwa mlango wa nyuma. Kijana huyu nyuma haitaki, na nyuma haimtaki. Imeandikwa hapo juu ya kioo: mbele kwa mbele. Barabara ya lami iko mbele yake, naiona kutoka hapa nilipokaa. Kinachomzuia asiende ni nini?

Wote wakatazama. Kilichokuwa kati ya lori na barabara kilikuwa ni wao.

– Hapana, alisema Justina.

– Mabati tu, alisema Injinia. Nafungua, anapita, nafunga. Hutajua hata kama kulikuwa na lori.

– Hapana.

Lakini Justina alimtazama Enock usoni, akamwona yule aliyekuwa akishuka kutoka safari akiwa mweupe kwa vumbi la mahindi, anaoga uso kwa maji yake ya vikombe, anamwambia dada, siku moja nitakaa upande wa usukani. Akaliondoa birika jikoni.

– Fanyeni haraka, alisema. Na bati likipinda nitamkanyaga mtu.

Huwezi kuamini watu waliokuwa hawanyanyui hata vikombe vyao vitupu walivyofanya kazi. Mabati yalishuka. Nguzo ziling'olewa, Masanja akizikumbatia moja moja kama ndama. Benchi likaegeshwa kwenye ukuta wa Eustaki, na Padri akaendelea kukaa juu yake likiwa limeegeshwa, mpaka akateleza. Jiko lilipohamishwa likagonga birika, birika likapinduka, na kahawa yote iliyobaki ikamwagika chini. Mwisho Injinia akaanza kunyanyua mbao za sakafu, maana alisema tairi la lori halitakiwi kukanyaga mbao za watu.

Akanyanyua ubao wa kwanza. Akanyanyua wa pili. Akachungulia.

– Jamani, alisema. Huku chini kuna mtaro.

Wakaja wote wakasimama ukingoni. Ulikuwa mtaro wa mawe, mpana, wenye kina cha kumzamisha Padri mpaka kofia.

– Tangu lini? aliuliza Masanja.

– Tangu barabara ilipowekwa lami, alisema Justina. Ndiyo maana niliweka mbao. Nilidhani mnajua.

– Miaka yote hii tumekaa juu ya shimo?

– Mlikuwa mnadhani machicha ninamwaga wapi?

Upepo ulipita pale palipokuwa na kijiwe, moja kwa moja, kwa kuwa sasa hakukuwa na kitu cha kuuzuia. Justina akatazama mabati yake, nguzo zake, jiko lake lililojaa majivu, na machozi yakaanza kumtoka. Enock alipoona hivyo alitamani mtaro ule uwe na kina zaidi aingie yeye. Kazi inaondoka, na kijiwe cha watu nacho kimeondoka kwa ajili yake.

Padri akamshika Justina bega. Alitaka kumtuliza, na chombo chake cha kutuliza watu ni kimoja.

– Usilie, mwanangu, alisema. Wahenga walishasema. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

– Kwa hiyo kosa ni langu? alisema Justina, na machozi yakakauka hapohapo kwa hasira.

– Sijasema kosa. Nimesema ulimhurumia kijana asilie, sasa unalia wewe.

– Padri, rudia, alisema Enock.

– Sirudii, ameshakasirika.

– Nakuomba, mzee wangu. Rudia.

– Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Enock alikuwa amelikodolea macho lori lake. Kichwa mbele, tela nyuma, limeunganishwa kwa kitovu kimoja.

– Mwana ni nani hapo? aliuliza.

– Mwana ni wewe.

– Hapana. Mwana ni tela. Linamfuata mama yake popote. Sasa mimi nachelea mwana asiende kulia, kwenye ukuta wa mashine. Nifanye nini?

– Kulia hapo ni machozi, wewe.

– Kulia ni mkono, Padri. Ukichelea mwana kwenda kulia, unakwenda kulia mwenyewe. Mama anakata kulia, mwana anakwenda kushoto. Si ndivyo ulivyofanya mkia tangu asubuhi? Mimi nilikuwa namkatia mwana. Nilitakiwa nimkatie mama.

– Wahenga hawakuwa na matela, alisema Padri, amekwazika.

– Na kushoto je? aliuliza Masanja. Methali haina kushoto.

Lakini Enock alikuwa ameshapanda. Injini ikawaka, ya kweli safari hii. Alishusha kioo, akatazama kioo cha pembeni, akaanza kurudi pole sana, midomo ikicheza. Mkia ukaanza kusogelea mashine ya kusaga. Nachelea mwana kulia. Akakata kulia. Mkia ukatulia, ukafikiri, ukaondoka ukutani. Ukaenda mno upande wa duka. Nachelea mwana kushoto. Akakata kushoto. Mwana akatii. Wateja wa kijiwe walisimama juu ya mbao zao wakitazama lile lori likijivuta, likipinda na kunyooka, likifika kwenye kona, likimeza kona, mpaka pua yake ikapotea na uchochoro ukabaki wazi wa kupita mbuzi. Enock kule ndani alikuwa amelowa jasho, kwenye baridi ile, na alikuwa analia, machozi kabisa, si mkono.

Alizunguka kwa njia ya nyuma, akaingia barabara kuu, akaja akasimama mbele ya kona, pua imeelekea Tunduma. Alipiga honi. Haikuwa na mafua. Wakati huohuo bodaboda ikasimama, akashuka Rozina, mama mnene mwenye koti la sufu na kitenge kiunoni. Akatazama lori, akalizunguka lote, akapapasa bampa la mbele, akapapasa mkia, akainama akachungulia chini ya tela.

– Safi, alisema. Halina hata mkwaruzo.

Kisha akageuka akitafuta mahali pa kukaa anywe kahawa. Akaona nguzo zimelala chini. Akaona mabati. Akaona wanaume watatu wazima na mwanamke mmoja wamesimama ukingoni mwa mtaro, kila mmoja ameshika ubao.

– Enock. Umekivunja kijiwe cha watu?

– Hapana, bosi. Sijakigusa hata kidogo.

– Hajakigusa, alisema Justina. Haki ya Mungu. Lori halijafika hapa. Lilikuwa linarudi nyuma.

– Sasa nani amekivunja?

– Sisi, alisema Padri, ambaye seminari ilimwachia ugonjwa wa kusema kweli.

– Nyinyi wenyewe?

– Sisi wenyewe.

Rozina akawatazama mmoja mmoja, taratibu.

– Kwa nini?

Injinia akaangalia mbao. Masanja akaangalia upande wa Kate. Padri akafungua mdomo, na Justina akamwonyesha koleo la jiko.

– Methali usitoe, alimwambia.

Padri akafunga mdomo. Rozina alisubiri mpaka mwenye bodaboda naye akaanza kusubiri jibu. Mwisho akakaribia dirisha la lori akamwambia Enock kwa sauti ya chini, ya mama anayemjali mtoto:

– Ondoka upesi, mwanangu. Hawa watu watakuambukiza.

Enock akaingiza gia, akaenda mbele.